Mkwe Aliyebebeshwa Begi

Goweko,
2 Juni 2024

Mwanangu Recheli,

Salamu nyingi zikufikie hapo Itetemia ulipo. Sisi huku tu wazima. Baba yako hajambo, bega linamsumbua kidogo lakini anachambua tumbaku kutwa nzima na hataki kusaidiwa. Bibi yako hajambo, anakula uji vizuri, anasema amekuota uko ndani ya redio unamwita. Dada yako Agnetha hajambo na mimba yake, miguu imevimba ila anatembea. Mdogo wako Marko hajambo, ameanza kuota ndevu na anajitazama kwenye kioo cha pikipiki ya watu. Kaka yako Ezekia huko Manyoni naye hajambo, reli inamlea. Mama Valentino jirani anakusalimu, anauliza utamwalika lini kwenye hizo sherehe zako akale wali. Mbuzi mwenye doa amezaa.

Najua utasema mama na barua zake, dunia nzima ina simu. Simu ya hapa nyumbani Agnetha anaiweka sauti juu, ukipiga uani wote wanasikia mpaka wapita njia. Halafu wewe kwenye simu unanichekesha. Nakuuliza umekula, unaniigizia mchungaji anavyopiga chafya. Nacheka, salio linakwisha, nikikaa ndipo naona hujanijibu. Kwenye karatasi hunifanyii hivyo. Mwandiko ni huuhuu wa darasa la nne, uuvumilie.

Nauliza tena basi. Unakula saa ngapi siku za kazi? Maana nasikia mshereheshaji husimama tangu maharusi wanaingia mpaka watu wanatoka, na sahani yake huwa ya mwisho. Na unarudi na nani? Nitampa Twalibu jirani yako asali kidogo akuletee, ulambe ukikaukiwa sauti, usiiweke kwenye chai.

Sasa shika hili na liishie kwako. Ezekia amepata mchumba hukohuko Manyoni. Binti anaitwa Mbeleje, baba yake ni Mzee Chibago, Mgogo mwenye heshima zake. Barua ya posa tumeipeleka mwezi wa tano kwa mkono wa Mzee Festo, ndiye mshenga wetu. Haijajibiwa. Ezekia hataki isemwe kabla ya jibu, na hasa wewe hataki uambiwe, anasema Recheli hana siri, ana kipaza sauti. Mimi nakwambia kwa sababu kazi yako inakupeleka huko. Wagogo ni watani wetu sisi Wanyamwezi tangu misafara ya mababu, hilo unalijua, na kwenye kazi yako unalitumia. Lakini mkwe hataniwi. Ukipita Manyoni ukamkuta mzee huyo, piga goti, umwamkie, ukae kimya.

Twalibu anakuja wiki hii kununua karanga, yeye ndiye atakuletea na barua hii. Nijibu upesi.

Mama yako.

---

Itetemia, Tabora
16 Juni 2024

Mama, shikamoo.

Shikamoo kwa bibi, mwambie kwenye redio bado ila niko njiani. Dada Agnetha anyanyue miguu akikaa. Marko asinyoe hizo ndevu, zikinyolewa hazitaonekana tena. Baba mpe shikamoo yangu, usimwongezee kitu.

Habari hizi Agnetha amenipa kwenye simu. Wewe mbona karatasi kimya, mama? Nilizoea kupata karatasi yako kila mwezi, nimeona nianze mimi. Mimi mzima. Nakula. Hilo umeshajibiwa kabla hujauliza.

Kazi inaanza kukaa sawa. Msimu huu watu wameuza tumbaku wanaozesha, na mimi nimeacha kwenda kila ninapoitwa kama ngoma ya kukodi. Kamati ikinitaka, nakaa nao kwanza. Nawaambia spika nakodi kwa Majidi, kwa hiyo spika zikilia vibaya mlaumu Majidi, nikilia mimi mnilaumu mimi. Siku moja kabla ya sherehe naenda nyumbani kwa wenye shughuli, nakaa jikoni na wanawake, namenya vitunguu, nauliza nani ni nani, nani amefiwa, nani hasemeshani na nani. Jikoni ndiko ninakopatia kila kitu. Watu wakisikia kesho yake natania kwa majina, wanadhani nina uchawi.

Mama, nikuambie ya Manyoni. Jumamosi ile nyingine nilikuwa na harusi huko. Treni ikakwama Itigi, nikafika bibi harusi anashuka garini, jikoni sikufika kabisa. Nikasema basi, Manyoni ni Ugogoni, hapa kila mtu mtani wangu. Meza ya mbele palikuwa na mzee mmoja ana kofia ya pama, amekaa ameshika fimbo kama jaji. Nikamwendea. Nikasema jamani, mzee huyu nimemtafuta sana, ni mpagazi wa babu yangu. Msafara ulimwachia mzigo hapa Manyoni, akasema tangulieni nakuja, mpaka leo. Nikamvua kofia nikasema naishika mpaka mzigo upatikane. Halafu nikachukua begi la bibi harusi nikamtwika kichwani, nikamwambia haya, Tabora kule.

Alisimama, mama. Nilidhani atalitupa. Akazunguka turubai lote na begi kichwani, mgongo umenyooka, mikono haishiki kitu. Watu walilia machozi. Yeye uso haukubadilika hata kidogo. Aliporudi alilitua polepole, akaniuliza kwa sauti ya chini, wewe binti wa nani? Nikasema wa Mzee Eliya wa Goweko. Akasema, haya. Akachukua kofia yake akaondoka kabla ya chakula. Wazee huchoka mapema.

Tangu siku hiyo namba yangu imetembea Manyoni mpaka Itigi. Niandikie basi.

Mwanao Recheli.

---

Goweko,
23 Juni 2024

Recheli,

Wote wazima, leo sitaji mmoja mmoja.

Barua yangu ya tarehe mbili uliipata au hukuipata? Nijibu hilo kabla ya jingine lolote.

Nimesoma yako jikoni, nimekaa nayo mpaka ugali ukashika moto, Agnetha akaja kuuepua yeye. Nimempigia Ezekia nikamuuliza kwa kuzunguka, huyo mkwe wetu anapenda kuvaa nini, tusije tukampelekea zawadi isiyomfaa. Akasema anapenda kofia za pama, ana moja, hata kanisani anaivua akiwa amefika mlangoni kabisa.

Mwanangu, umemtwika mkwe begi. Mbele ya Manyoni yote. Na jina la baba yako umelitaja mwenyewe kwa mdomo wako.

Baba yako hajui. Ezekia hajui, au anajua na hasemi, sauti yake haikuwa nzuri. Mimi nimeficha barua yako kwenye debe la michembe ya viazi. Usiku silali, nikilala naona begi.

Nijibu upesi sana.

Mama yako.

---

Itetemia,
7 Julai 2024

Mama, shikamoo. Shikamoo kwa bibi na wote.

Barua zako mbili nimezipata siku moja. Ile ya kwanza Twalibu aliichomeka kwenye gunia la karanga isipotee, gunia likaingia ghalani na mengine, akasahau ni lipi. Juzi amefungua ndipo akaikuta. Amekuja mlangoni ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyevunja sahani ya watu.

Mama, nisingefanya. Unajua nisingefanya.

Jana nilipiga simu nyumbani, akapokea baba. Nikakata. Usimwambie ni mimi.

Ezekia hapokei simu zangu. Sitaki kumsumbua.

Mimi mzima. Asali nayo imetoka kwenye gunia hilohilo, nailamba. Kazi zipo.

Recheli.

---

Goweko,
4 Agosti 2024

Mwanangu Recheli,

Nakusalimu. Bibi hajambo, anakuulizia. Agnetha siku zake zimekaribia, mkunga wa zahanati amesema mtoto amekaa vizuri. Marko amekata ndevu na amejikata na kidevu. Baba yako hajambo.

Baba yako anajua. Kuhusu simu, namba yako anaijua, hata kama ulikata. Siku ile alikaa ameishika simu muda mrefu, akairudisha mezani, akaenda shamba hata chai hakunywa. Halafu Ezekia akaja nyumbani mwenyewe, amekonda, akasema yote. Habari za begi alizisikia kesho yake tu, kazini kwao wanazisimulia hadi leo. Mzee Festo amekwenda kwa mkwe mara mbili kuulizia jibu. Anapewa kiti, anapewa chakula, anaambiwa, bado natafakari. Hajatukana, hajalalamika, na begi halitaji. Mzee Festo anasema hilo ndilo linalomtisha.

Nikuandikie alivyosema baba yako, nisiongeze nisipunguze. Alisema: "Posa hii ikivunjika, Recheli ataweka chini hicho kipaza sauti arudi hapa kwenye tumbaku. Siwezi kulea binti anayebomoa nyumba ya kaka yake kwa mdomo." Alisema bila kupaza sauti.

Na wewe umeniandikia kazi zipo. Zipo wapi? Twalibu ameniambia, na nilimbana ndipo akasema, kwamba spika umezirudisha kwa Majidi, na Jumamosi za harusi anakuona umekaa mlangoni unachambua mchele ambao umeshachambuliwa. Karatasini pia umejifunza kunifanyia yale ya kwenye simu.

Mzee Chibago ametuita mwisho wa mwezi huu. Ametuma neno moja tu, njooni. Tunakwenda baba yako, mimi, shangazi yako na Mzee Festo. Wewe usije, baba yako amekataza, na hata mimi naona usije. Tuombee.

Uniandikie ukweli.

Mama yako.

---

Itetemia,
11 Agosti 2024

Mama, shikamoo.

Kazi zipo kweli, mama. Mimi ndiye sipo. Baada ya barua zako nilikwenda harusi moja hapa mjini, nikasimama, nikashika kipaza sauti, nikamwangalia mzee wa kwanza nikajiuliza huyu ni mkwe wa nani. Na wa pili hivyohivyo. Nilisoma ratiba yote kama natangaza msiba. Mwenyekiti wa kamati akaniuliza kama naumwa, nikamwambia ndiyo. Zilizofuata nimemwachia mwenzangu mmoja anaitwa Adinani, anazifanya vizuri.

Baba akisema niache nitaacha, sitabishana naye. Jembe nalijua. Mwambie Ezekia anisamehe hata kama hatapokea simu.

Ila nikuombe kitu kimoja, na usinicheke. Ukipata nafasi uwaulize wanawake wa kwake, taratibu. Mzee alipotoka kabla ya chakula, alikuwa amekasirika, au kuna mahali alicheka? Hata kama posa imevunjika nataka kujua. Nimefanya kazi hii miaka yote hii na sijawahi kushindwa kumsoma mtu usoni, isipokuwa yeye.

Recheli.

---

Goweko,
1 Septemba 2024

Mwanangu mpenzi Recheli,

Posa imejibiwa. Imekubaliwa. Nimeanza na hilo usije ukasoma huku unatetemeka kama mimi nilivyokwenda Manyoni natetemeka.

Sasa salamu. Bibi hajambo kabisa, juzi amejivuta mwenyewe mpaka kwa Mama Valentino kwenda kusema habari hizi kabla yangu. Agnetha amejifungua mtoto wa kike, wote wazima, mtoto ana mapafu ya kulilia, tunadhani atakufuata wewe. Marko hajambo, kidevu kimepona. Ezekia amerudi kula. Shangazi yako anakusalimu. Mzee Festo anakusalimu, anasema hajawahi kuwa mshenga wa shughuli kama hii na hataki nyingine. Baba yako hajambo, habari zake zinakuja.

Tumefika asubuhi tumejaa vumbi, koo kavu. Baba yako amevaa koti lake la kanisani. Tukakaribishwa ndani, tukapewa viti. Wamekaa wazee wa kwao. Mzee Chibago yuko mbele, na ile pama, na ile fimbo. Binti mmoja akaleta maji kwenye jagi. Mzee akanyanyua mkono tu, yule binti akageuka akarudi nayo.

Recheli, hapo nilijua tumekwisha. Mtu umetoka safari unanyimwa maji, utakuwa umebakiwa na nini? Nikaanza kuhesabu njia ya kwenda stesheni.

Mzee akamuuliza Mzee Festo: "Hawa ni Wanyamwezi?"

"Ndiyo, mzee."

"Wanakwenda wapi na maji yangu?"

Mzee Festo akasema, tumekuja kwako, mzee, hatuendi pengine.

"Msafara ukipita Ugogo ulikuwa unatoa hongo kwanza, ndipo watu wanakunywa. Babu zao walitoa nguo, walitoa shanga. Hawa wamepanda treni wanadhani treni haipiti kwangu." Akaniangalia mimi. "Na huyu mama anatetemeka nini? Amebeba mzigo wa watu?"

Hakuna aliyecheka. Uso wake ulikuwa mkavu kama ukuta, na sisi wote tumeinama. Ndipo baba yako akasimama. Nilimshika koti, likanitoka mkononi. Huyu baba yako ambaye kwenye shughuli za watu hasemi zaidi ya amina. Akasema:

"Mzee, hongo tulishaituma mwezi wa sita. Ilikuja na kipaza sauti. Kama uliila peke yako bila kuwagawia ndugu zako, usitudai sisi."

Nikasikia kwanza mwanamke huko jikoni anacheka, na kitu kinaanguka. Halafu mzee mmoja pembeni. Halafu Mzee Chibago mwenyewe, mwanangu, alicheka mpaka akavua pama akawa anajipepea nayo, anampiga baba yako begani, na ni lile bega bovu, baba yako hata hakulalamika.

Akatueleza sasa. Alisema: "Siku ya harusi ile barua yenu ilikuwa kwangu sijaijibu, kwa hiyo nilikuwa bado mtani. Binti yenu hajakosa kitu. Ningekosa mimi. Kama ningejibu kesho yake, ningekuwa mkwe, na mkwe hatanii, ningekuwa nimebebeshwa begi na Mnyamwezi nikakaa nalo rohoni mpaka naingia kaburini bila kurudisha. Nimekaa kimya niwapate hapa kwangu, nimalize yangu, ndipo nijibu."

Na akamaliza. Alianza na koti la baba yako, akaja kwenye tumbaku, akasema Wanyamwezi walitembea kwa miguu mpaka pwani wamebeba pembe za ndovu wakarudi wamebeba vioo vya kujitazamia, na waliyoyaona kiooni ndiyo yakawafanya wavute tumbaku. Baba yako akajibu kila moja. Kila moja, Recheli. Hasiti, hacheki, uso wake mkavu naye. Akasema vioo vile tuliviacha Ugogoni kwa huruma, tukaambiwa vimevunjika siku ileile. Mimi nimekaa na mtu huyu tangu sijawa na mvi, nimezaa naye, na sikumjua. Nilikuwa nasema mdomo wa Recheli umetoka wapi, nikimsingizia shangazi yako. Siku ile nimeona ulikotoka.

Walipochoka maji yakaja. Tukanywa. Mzee Chibago akavaa pama yake, akakaa vizuri, akabadilisha sauti. "Nimemaliza. Posa nimeipokea na nimeikubali." Akasimama, baba yako akasimama, wakapeana mikono wameinamisha macho. Basi ikawa imekwisha. Chakula kilipokuja walikaa mbalimbali kwa heshima, wakizungumza mvua, mzee anamwambia baba yako karibu mboga, mkwe, na baba yako anasema ahsante, mkwe. Mimi niliona kama kila mmoja anamkosa mwenzake.

Na lile swali lako sikulisahau, wala sikukucheka. Nilikwenda jikoni nikamuuliza mama yake Mbeleje. Anasema mzee alifika nyumbani siku ile akakaa kwenye kizingiti, akacheka mpaka mama huyo akadhani amepaliwa. Jina la baba yako ndilo lililomtoa harusini. Aliona wewe hujui yeye ni nani, akikaa atakujibu mbele za watu, na wewe utakuja kuona aibu ukishajua. Akaona aondoke na kicheko chake. Tangu hapo jioni akiwa na wajukuu huchukua furushi lolote akaliweka kichwani akazunguka uani. Ameniambia niwaulize watoto, nikawauliza, wakanionyesha anavyotembea.

Harusi ni mwezi wa kumi kabla ya mvua. Wakwe wamekuomba wewe uishereheshe, upande wao na upande wetu. Mzee amesema: "Huyo binti aje, watu wote awataje, mimi asinitaje. Nitakaa pale kama picha." Nenda jikoni kwao mapema safari hii, hata kwa basi, usitegemee treni.

Kwa baba yako sasa. Tulipopita Itigi, watu wamesinzia, nikamsikia anasema peke yake dirishani, "ilikuja na kipaza sauti," akacheka tena kidogo. Habari za kukurudisha kwenye tumbaku hajazigusa, nami sitamkumbusha. Leo baada ya ibada wazee wa kanisa walimuuliza kama amepata mshereheshaji wa harusi ya kijana wake, wanamjua mmoja mzuri wa Tabora. Akawajibu, mbele ya Mchungaji, kwamba familia yake haikodi mtu, inaye wake. Ameshamwambia na mwenye turubai.

Kwa hiyo ukikataa hana pa kuuweka uso wake. Nenda kwa Majidi uchukue hizo spika, halafu uniandikie upesi, hata mstari mmoja, kwamba utakuja. Usichelewe, Recheli, kwa sababu tangu tumerudi baba yako anazunguka uani na mwiko wa ugali mkononi, na ameanza kusema ikibidi atasherehesha mwenyewe.

Mama yako anayekupenda.